Baba Alipogeuka Benki

Wiki iliyopita niliwaacha katika ghala la ushirika hapa Ilongero, nikiwa nimesimama juu ya gunia la alizeti, chaki mkononi, na watu wote wamenyamaza. Wasomaji kadhaa wamenitumia ujumbe wakiuliza kama nilipigwa. Sikupigwa. Ingekuwa nafuu.

Kwa aliyekosa gazeti, mimi ni Felista, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi, niliyerudi nyumbani kwa likizo ndefu nikiwa na nia njema. Nia hiyo njema ndiyo iliyonifanya nimweleze mgeni rasmi, mbele ya umati na kwaya, kwamba choo cha shule alichokuwa akikizindua hakina shimo. Tangu siku hiyo kijiji kizima husema kwamba Felista hajui kudanganya. Wengine husema kwa kunisifu. Baba yangu, Mzee Bonifasi, husema kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Kisha ikaja habari ya kinu. Mwaka huu alizeti ilistawi, magunia yakajaa ghalani, halafu kinu cha mafuta kule Singida mjini kikafunga lango. Watu walitaka kujua sababu, nami sababu nilikuwa nayo.

Katika nchi moja ng'ambo, benki zilikuwa zimewakopesha watu nyumba wasizoweza kuzilipia. Watu waliposhindwa kulipa, benki zikaanza kuogopana, kila moja ikiishuku nyingine kwamba ndani haina kitu. Zikaacha kukopesha. Mfanyabiashara wa huko, anayenunua mashudu, yaani makapi ya alizeti yetu iliyokwisha kukamuliwa, kulishia mifugo, akakosa mkopo wa kununulia. Mwenye kinu akabaki na mashudu yake. Benki yake ya hapa nchini nayo ikaingiwa na baridi, ikamtaka arudishe alichokopa, naye akafunga lango. Ndivyo mtu aliyeshindwa kulipia nyumba yake ng'ambo anavyomzuia mama wa Ilongero kuuza gunia lake.

Hadi hapo nilieleweka. Kosa langu lilikuwa kutafuta mfano.

"Ni kama ng'ombe," nilisema.

Sharti nieleze kwa ajili ya wasomaji wa mjini. Hapa kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Ugonjwa ukiingia, atabaki na fimbo tu. Kwa hiyo huwagawa kwa marafiki wamfugie. Anayefuga hupata maziwa na samadi ya shamba lake la uwele, mwenye mali hupata usalama, na wote wawili hupata urafiki. Hakuna anayeandika popote. Huwezi kuingia katika zizi la mtu ukajua yupi ni wake na yupi ni wa kufugiwa, na kuuliza ni utovu wa adabu.

"Tuseme nimekupa ng'ombe unifugie," niliwaambia. "Wewe umempa mwenzako. Mwenzako kampa mwingine. Kila mmoja anamhesabu ng'ombe yule katika mali yake. Siku wote tukimtaka kwa pamoja, ng'ombe ni mmoja na wenyewe ni wanne. Hiyo ndiyo benki."

Hapo ndipo kimya kile kiliposhuka. Niliwaona watu wakigeuka, polepole, wakitazamana.

Nami nikaongeza maneno ambayo mhadhiri wangu alitusihi tusiyatamke kamwe mbele ya watu wenye mali.

"Lakini msiwe na hofu."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uwanja, Mama Jenifa akaingia na kamba. Mama Jenifa ni jirani yetu, na mtamba wake mweusi alikuwa zizini mwetu tangu akiwa ndama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msomi. Baba yako yupo?"

Baba alitoka akiwa bado anafunga vifungo vya shati.

"Baba Raymond, nimemfuata mtamba wangu."

"Kwema lakini?"

"Kwema kabisa. Nimemkumbuka tu."

"Miaka mitatu hukumkumbuka."

"Jana nimemkumbuka sana. Pale ghalani."

Baba alinitazama. Niliendelea kufagia mahali palepale.

Kufikia saa sita njia ya kwenda mnadani ilikuwa imejaa ng'ombe wasiojua wanakopelekwa. Kila mtu alikuwa anamfuata wake kabla mwenzake hajamfuata. Niliwaona majirani wawili wakipishana, kila mmoja akiswaga ng'ombe wa mwenziwe kwenda kumrudishia, na hawakusalimiana. Kwetu watu wasiposalimiana, wageni huuliza nani kafariki.

Jioni nilikaa nikatafakari kama nilivyofundishwa. Ng'ombe wa kijiji hawakupungua hata mmoja. Hata hivyo, hakuna nyumba iliyokuwa na maziwa, kwa sababu ng'ombe aliyehamishwa kwa fimbo hukataa kukamuliwa. Mwenye shamba hakuwa na samadi, na mwenye samadi hakuwa na shamba. Tulikuwa tumefilisika kijiji kizima bila kupoteza kitu.

Nilitaka kumwendea baba nimwonyeshe jinsi jambo hili linavyovutia kitaaluma. Mama akanishika mkono.

"Mwanangu, usiende. Leo usiende."

Zizini mwetu walikuwa wamebaki ng'ombe watatu. Wawili walikuwa wa baba. Wa tatu nitamweleza.

Ng'ombe wengine wa baba, walio wake halali, walikuwa Ikungi kwa rafiki yake. Baba alimpigia simu. Rafiki akajibu kwa upole kwamba atawaleta mara tu yeye mwenyewe atakaporudishiwa, maana na yeye alikuwa amewapeleka kwa mtu.

Hayo yote yangekuwa ya kucheka, kama isingekuwa Jumamosi.

Kaka yangu Raymond anamchumbia Winfrida, binti wa Mzee Melkizedeki wa Kiomboi. Ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili. Mahari ni ng'ombe sita, na Jumamosi watu wa Kiomboi walikuwa wanakuja kuwaona wakiwa zizini kwetu kabla hawajaswagwa. Aliyeongoza ujumbe hakuwa Melkizedeki bali kaka yake mkubwa, Mzee Obadia, mtu ambaye alikwisha kumwambia mshenga wetu: "Nikikuta zizi la kuazima, mtaniona mgongo. Na tangazo la tatu la ndoa halitasomwa."

"Felista," Raymond aliniambia, ameegemea ukuta, sauti haina hata hasira. "Umeniulia ndoa kwa chaki."

Raymond ndiye aliyeuza baiskeli yake ili mimi niende chuo na godoro.

Alhamisi ndipo alipokuja Gasto.

Gasto ana duka la dawa za mifugo karibu na kituo cha bodaboda, na yule ng'ombe wa tatu, mwekundu, aliletwa kwetu na yeye. Tunamwita Kombo, kwa kuwa pembe yake moja imetazama mbinguni na nyingine imetazama ardhini. Ni ng'ombe mzuri. Hata wachungaji wapitao husimama.

"Mzee Bonifasi, shikamoo. Nimemfuata Kombo."

"Marahaba. Na wewe, Gasto?"

"Ningekuwa mimi ningemwacha mpaka azeeke. Si wangu."

Baba aliketi. "Si wako?"

"Ni wa mtu wa Kiomboi. Aliletwa kwangu na dalali, akiwa mtamba. Mwenyewe simjui hata sura, huwa tunaongea kwa simu. Hataki ajulikane, anatuma hela ya dawa tu. Sasa juzi kapiga simu anasema huko kwao wamesikia kuna binti wa chuo Ilongero anahubiri habari za ng'ombe kuisha. Anamtaka wake."

Wote wawili walinitazama. Habari zangu zilikuwa zimefika Kiomboi kabla ya basi.

"Niachie hadi Jumapili," baba alisema. "Jumamosi nina wageni wa mahari. Nataka tu aonekane zizini."

Gasto alijikuna kidevu. "Aonekane tu?"

"Aonekane tu."

"Hadi Jumapili asubuhi basi. Lakini mzee, asitoke humu."

Alipoondoka nilimfuata baba nyuma ya nyumba. Dhamiri yangu ilikuwa imechacha.

"Baba, huo ni udanganyifu."

"Ni maonyesho."

"Unaonyesha mali isiyo yako."

Baba aliweka chini kikombe cha uji, akafuta mdomo kwa utaratibu wa mtu anayejiandaa kwa mtihani.

"Nikuulize, mchumi. Zile benki ulizotuhubiria, zina fedha za watu wote ndani?"

"Hapana, baba. Hakuna benki yenye fedha za watu wote ndani kwa wakati mmoja."

"Sasa zinaishije?"

"Watu hawazifuati wote siku moja."

"Wakizifuata?"

"Huazima kwa benki nyingine, mpaka zake zirudi."

"Enhe." Akachukua kikombe chake. "Basi mimi ni benki. Wangu wako Ikungi, wanakuja. Mpaka waje, naazima kwa wenzangu. Tatizo lako liko wapi?"

Mhadhiri wangu angempa alama zote.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta ng'ombe watatu wa kukamilisha sita. Wawili walipatikana kwa wajomba. Wa tatu alikuwa mtamba wa Mama Jenifa, yuleyule mweusi.

"Nitamleta," Mama Jenifa alisema, "lakini nataka dhamana."

"Dhamana gani tena, jirani?"

"Si mlisema wenyewe kwamba siku hizi hakuna kuaminiana? Nipeni lile sufuria kubwa la mama Raymond. Mtamba akirudi, sufuria linarudi. Na mimi mwenyewe nitakuja nikae karibu naye."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyojikuta anawapikia wakwe bila sufuria la kupikia wakwe. Wali ulipikwa kwa awamu, kidogo kidogo, katika visufuria vya chai, na kila awamu mama alinitazama mimi.

Ijumaa baba aliniita. "Kesho utagawa chai. Sikuombi udanganye. Nakuomba usiseme."

"Nikiulizwa?"

"Nani atakuuliza? Unagawa chai!"

Usiku ule Winfrida naye alinitumia ujumbe. Winfrida ni mpole, hajawahi kuniomba kitu. Aliandika: "Wifi yangu mpenzi, nakuombea mema katika masomo. Kesho, siku moja tu, usiseme kweli."

Nilisoma ujumbe ule mara nyingi. Wasomaji wangu, ninyi mnajua mimi naamini nini. Naamini kwamba nchi hujengwa na watu wanaosema lililopo. Lakini nilimfikiria Raymond na baiskeli yake, nikazima simu.

Jumamosi walifika kwa gari dogo la kukodi. Mzee Melkizedeki alishuka kwanza, mnene, mcheshi, koti la kaki juu ya shati jeupe. Hata kabla hajatia mguu uwanjani simu ililia ndani ya koti, kwaya nzima ikaimba kwa sauti nne.

"Samahani, samahani," alisema, akaitazama, akaikata. "Hawa wanaotafuta ng'ombe wananisumbua tangu asubuhi."

Kisha akashuka Mzee Obadia. Mrefu, mkavu, fimbo mkononi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yamefunikwa weupe kama maji ya mchele.

"Shikamooni," tulisema wote.

"Marahaba. Zizi liko wapi?"

"Karibuni chai kwanza, mkwe," baba alisema.

"Chai haikimbii. Ng'ombe wa siku hizi ndio wanaokimbia. Nimesikia hapa kwenu walikimbia sana."

Baba alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mama Jenifa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, amevaa kitenge kipya, jicho halibanduki kwa mtamba wake.

"Huyu ni nani?" Obadia aliuliza.

"Ni... shangazi," Raymond alisema.

"Shangazi mpenda ng'ombe," Mama Jenifa aliongeza, na hakusogea.

Mzee Obadia aliingia zizini. Sasa nikaelewa anavyofanya kazi. Kwa kuwa macho hayaoni, alikuwa akiwatazama ng'ombe kwa mikono. Alimshika wa kwanza mgongoni, akashuka mbavuni, akabonyeza kiwele, akapapasa masikio na pembe. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaenda kwa wa pili. Raymond alikuwa ameshika nguzo ya zizi kana kwamba itaanguka.

Nami niligawa chai. Nilikuwa nagawa vizuri, sijasema neno, mpaka nilipomfikia Mzee Melkizedeki, ambaye alikuwa amesimama peke yake nje ya zizi. Alipokea kikombe bila kukitazama. Alikuwa anamtazama Kombo.

"Binti," alininong'oneza. "Yule mwekundu. Ni wenu?"

"Mzee, nakuomba uniulize jambo jingine."

Alinigeukia. Macho yake yakawa madogo, kisha yakacheka.

"Nimekuelewa. Nenda kamwambie baba yako hivi: katika wale sita, yule ndiye nimempenda. Niondoke naye leo hii. Hao wengine hata wakichelewa mwezi, hata miezi, mimi si mtu wa kugombana."

Nilimpelekea baba ujumbe huo nyuma ya ghala letu la uwele. Uso wake uliangaza, kisha ukazima.

"Anamtaka yule tu?"

"Yule, na leo."

"Na wengine wasubiri?"

"Hata miezi."

"Felista, huo ni muujiza! Lakini yule... yule si wetu!"

"Nilikwambia, baba."

"Usiniambie uliyoniambia!"

Tuliporudi, Mzee Obadia alikuwa amefika kwa wa sita. Kwa Kombo.

Mkono wake ulipanda shingoni, ukafika kichwani. Ukashika pembe ya kulia, ukaifuata hadi ncha, juu. Ukahamia ya kushoto, ukaifuata hadi ncha, chini. Ukasimama hapo.

Akarudia. Juu. Chini.

"Nilikuwa na mtamba kama huyu," alisema, si kwa mtu yeyote. "Yaani, alikuwa wa marehemu baba yetu. Pembe zilikuwa zimeanza hivihivi, moja huku, moja kule. Tulipogawana urithi aliangukia fungu langu. Wiki hiyohiyo mdogo wangu akaniletea habari kwamba amekufa kwa ugonjwa wa ndigana, na nyama wamefukia. Macho yangu ndiyo yalikuwa yanaanza kufunga. Nilimlilia ng'ombe yule kuliko nilivyolilia shamba."

Mdogo wake, Mzee Melkizedeki, alikuwa anakunywa chai kutoka katika kikombe kitupu.

Nami nikaona yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Mtu wa Kiomboi asiyetaka ajulikane. Hela ya dawa inayotumwa kwa simu. Ng'ombe aliyefichwa kwa dalali, kwa Gasto, kwa baba, kila mmoja akimhesabu kuwa wake, na sasa anarudi Kiomboi kama mahari, mbele ya mashahidi, na hakuna ndugu awezaye kuuliza katoka wapi. Benki za ng'ambo zingeweza kuja Kiomboi kujifunza.

"Ndugu zangu, ng'ombe hufanana," Melkizedeki alisema kwa uchangamfu. "Twende tukale."

"Ng'ombe hufanana," Obadia alikubali. "Ndiyo maana nataka kuuliza. Yuko wapi yule binti wa chuo?"

Nilikuwa nimesimama na birika.

"Niko hapa, mzee."

"Njoo karibu. Nimesikia habari zako hadi Kiomboi. Ya choo nimeisikia. Wanasema baba yako anaweza kunidanganya, kaka yako anaweza, lakini wewe hujui." Mkono wake ulikuwa bado juu ya pembe. "Niambie wewe. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Baba alitazama mawingu. Raymond alinitazama mimi, na hakuniomba kitu, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama angeniomba ningekataa.

Nikisema kweli, mzee huyu anapata ng'ombe wake, na Raymond anamkosa Winfrida. Nikidanganya, Raymond anaoa, na kipofu anaibiwa mara ya pili, mbele ya macho yake, na mimi ndiye niliyeshika taa.

Naungama hapa, gazetini, kwa kuwa padri wetu yuko safarini.

"Ni wetu, mzee," nilisema.

Mama Jenifa alidondosha kikombe.

Ningeishia hapo ningesalimika. Lakini mtu asiyezoea kudanganya hajui mahali pa kukoma, kama mtu asiyezoea pombe.

"Amezaliwa humuhumu," niliendelea, sauti yangu tamu, ngeni masikioni mwangu. "Mama yake naye alikuwa na pembe hizohizo. Mimi mwenyewe nilimlea kwa chupa. Nilimpa jina."

Baba aliacha mawingu. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyegundua kwamba mbuzi wake anasoma.

Mzee Obadia aliipapasa ile pembe mara moja zaidi. Kisha akaondoa mkono pale, kidole kimoja kimoja.

"Basi na mikono nayo inazeeka," alisema. "Nimekuamini, mwanangu. Ng'ombe sita nimewaona. Binti ni wenu."

Raymond alipiga magoti pale pale kwenye samadi, akashika mikono ya mzee. Mama akapiga vigelegele kutoka jikoni. Mzee Melkizedeki alimkumbatia baba kwa nguvu mno. Nilisimama na birika langu, nikitafakari kwamba huenda ndivyo nchi zote zinavyosimama, na kwamba pengine nibadilishe somo.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Gasto, mlangoni, jasho linamtiririka, kamba begani.

"Mzee Bonifasi, nisamehe, najua tulisema Jumapili. Lakini nimesikia dukani kwamba mahari inaondoka leo, na mwenye Kombo nampigia tangu asubuhi, anakata simu. Nimeogopa. Nipe ng'ombe wa watu."

Vigelegele vya mama vilikatika katikati.

Mzee Obadia aligeuza kichwa kuelekea sauti ile. "Ng'ombe wa watu gani?"

"Shikamoo, mzee. Huyu mwekundu. Ni wa kufugiwa."

"Binti wa hapa kasema amezaliwa hapa."

"Nani, Felista?" Gasto alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Felista kasema hivyo?"

Sikuwa na pa kuweka birika.

"Ni wa nani basi?" Obadia aliuliza, sauti yake ndogo kuliko mwanzo.

"Mwenyewe simjui sura, mzee, huwa namsikia kwa simu tu. Ni mtu wa huko huko kwenu, Kiomboi. Labda hata mnamfahamu." Gasto alitoa simu mfukoni, akabonyeza. "Ngojeni. Nampigia hapa hapa, aseme mwenyewe."

Mzee Melkizedeki alitia mkono ndani ya koti lake kwa haraka, lakini kifungo kikakamata.

Kwaya ikaanza kuimba. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ikatoka ndani ya kaki, tamu na safi, ikajaa zizi zima. Kombo aliinua kichwa. Gasto aliitazama simu yake, akalitazama koti, akaitazama tena simu yake.

Mzee Obadia hakugeuka. Aliurudisha mkono wake kwenye pembe ya Kombo, ile iliyotazama ardhini.

"Melkizedeki," alisema. "Pokea simu."